Kitanda Huku, Kibarua Kule

Simama kituo cha Buguruni saa kumi na moja jioni, umwangalie abiria anayerudi nyumbani Gongo la Mboto. Daladala za kwenda kwao zinapita zimejaa, makonda wananing'inia mlangoni. Hazihangaikii. Anavuka barabara na kupanda gari linalotoka Gongo la Mboto kuelekea Kariakoo, anakwenda nalo mpaka mwisho wa njia, wenzake wanashuka yeye anabaki kwenye kiti, kisha anarudi nalo. Dar es Salaam tunasema amegeuza na gari. Amelipa nauli ya kwenda asikotaka, ameongeza muda wa safari, na ameanza kwa kuipa nyumba yake mgongo.

Tumfanyie hesabu kwa namba za mfano. Angepanda moja kwa moja angesimama dakika 60, amebanwa ubavuni na kushikilia bomba la juu. Kwa kugeuza ameongeza dakika 40, lakini dakika zote 100 amekaa. Kama kwa hiari yake amechagua 100 za kukaa akaziacha 60 za kusimama, na juu ya hayo akalipa nauli ya pili, basi tumejua jambo lililo moyoni mwake bila kumwuliza: kwake dakika moja ya kusimama ni nzito kuliko dakika moja na theluthi mbili za kukaa.

Nimeanza na abiria huyu kwa sababu anatupa rula ya kupimia somo zima. Tukisema mtu anaishi mbali na kazini, neno "mbali" halina maana mpaka tujue limepimwa kwa nini. Kilomita ni za ramani. Abiria yeye analipa vitu vitatu: shilingi, dakika na uchovu. Kigamboni na Posta zinatazamana ng'ambo ya mlango wa bandari, karibu kiasi cha kuona madirisha ya upande wa pili, lakini kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2016, mwenye gari asiyetaka foleni ya pantoni alilazimika kuzunguka kwa Kongowe. Maji yaleyale, upana uleule, umbali tofauti kabisa. Kwa hiyo tuvikusanye vile vitu vitatu pamoja, tuviite gharama ya safari, na tuiache ramani pembeni kwa muda.

Sasa tujenge jiji dogo kichwani. Lina barabara moja iliyonyooka. Kazi zote ziko mwanzoni mwa barabara, tupaite Kariakoo. Kandokando ya barabara kuna vyumba vya kupanga, vyote sawasawa: futi kumi kwa kumi, paa la bati, umeme wa kuchangia. Tofauti pekee kati ya chumba na chumba ni gharama ya kutoka pale kwenda Kariakoo.

Chukua chumba kilicho jirani na kazi, ambako mtu anakwenda kwa miguu. Tuseme kodi yake ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Kingine kiko mwisho wa barabara, nauli shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi, nauli ya mwezi ni 52,000. Mpangaji atakubali kulipa kiasi gani kwa chumba hicho cha mbali? Ukihesabu fedha peke yake, hatazidisha 38,000, maana 38,000 na 52,000 ni 90,000 ileile. Ukiongeza thamani ya dakika na uchovu, kodi hiyo itabidi ishuke zaidi.

Hapa swali zuri ni nani aliyezipanga bei hizo, na jibu ni kwamba hakuna aliyekaa akazipanga. Tuseme leo vyumba vya mwisho wa barabara ni rahisi kupita kiasi, kiasi kwamba ukijumlisha kodi na safari unabakiwa na pesa kuliko aliye karibu. Habari haikai. Wapangaji wanahamia huko, madalali wanapata kazi, mwenye nyumba anaona watu watatu wanagombea chumba kimoja na mwezi unaofuata anapandisha kodi. Anapandisha mpaka ile nafuu iishe. Na kule karibu, vyumba vilivyokimbiwa vinashuka. Mambo yanatulia pale tu ambapo kodi ukijumlisha na gharama ya safari inatoa jumla ileile popote barabarani. Kodi na nauli, kwa hiyo, ni kama pande mbili za mizani: ukipunguza huku, kule kunaongezeka.

Aliyeliandika wazo hili kwanza kwa hesabu alikuwa mkulima. Johann Heinrich von Thünen alikuwa na shamba Tellow, kaskazini mwa Ujerumani, akiweka kumbukumbu za mapato na matumizi kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1826 akachapisha kitabu juu ya jinsi umbali kutoka sokoni unavyoamua nini kilimwe wapi. Maziwa na mboga huharibika upesi, kwa hiyo hukaa jirani na mji. Kuni ni nzito, zinafuata. Nafaka inastahimili safari, inasogea nje. Ng'ombe anatembea mwenyewe mpaka sokoni, kwa hiyo malisho yanaweza kuwa mbali kuliko vyote. Mwaka 1964 William Alonso akalichukua wazo hilo na kuliingiza mjini: mahali pa nafaka na maziwa akaweka watu na nyumba zao. Sifa ya Thünen kwangu ni kwamba alianza na daftari lake la shamba, akasubiri namba zimwambie sura ya nchi.

Jiji letu dogo lina kasoro moja kubwa: vyumba vyote vinafanana. Mtu anayetaka uwanja wa mita za mraba 600, wenye bustani na maegesho, anaiona barabara ileile kwa macho mengine. Tuseme kila kilomita moja kwenda nje inashusha bei ya ardhi kwa shilingi 100 kwa mita ya mraba kwa mwezi. Mwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ni kama mita za mraba 9, anaokoa shilingi 900. Mwenye uwanja anaokoa 60,000. Ndiyo maana nyumba kubwa zenye kuta na mageti zimesambaa Goba, Bunju na Mbezi, huku vyumba vidogo vilivyopangana vikishikilia Manzese, Buguruni na Vingunguti, kwenye ardhi ghali. Ardhi ghali inagawanywa kwa watu wengi.

Lakini mbona Masaki na Oysterbay ni karibu na mjini na zina viwanja vikubwa? Hapo kanuni ya mizani haitoshi, inabidi kuuliza historia. Wajerumani walianza kuweka masharti ya ujenzi mwaka 1891, na Waingereza baada yao wakaendelea kuugawa mji: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Waafrika Kariakoo na Ilala. Kanuni yetu inachukulia kwamba kila mtu yuko huru kuchagua mahali pa kulala kadiri ya mfuko wake. Mahali ambapo serikali ilishachora mstari, mfuko haukuulizwa, na mistari ile bado inaonekana kwenye ukubwa wa viwanja miaka mingi baada ya sheria zake kufutwa.

Tuingie kwenye dakika. Katika miaka ya 1970 Yacov Zahavi alilinganisha safari za wakazi wa miji mbalimbali akaona kwamba wastani wa muda ambao watu hutumia njiani kwa siku haupishani sana kati ya mji na mji, ingawa vyombo vyao vinapishana mno. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, akalipanua wazo hilo kwa kurudi nyuma katika historia: kama saa moja kwa siku, kwenda na kurudi. Mji unaotegemea miguu unafika pale miguu inapofika kwa nusu saa.

Hebu tuone. Mtu hutembea kama kilomita 5 kwa saa. Kwa nusu saa anakwenda kilomita 2.5. Chora duara la kipimo hicho kutoka Kariakoo: linagusa Magomeni, Ilala, Keko na Upanga, na upande wa mashariki linaingia majini. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 20. Huo ndio ukubwa wa mji wa miguu, na ukiangalia mitaa ya zamani ya Dar es Salaam utaona jinsi ilivyokaa ndani ya duara hilo. Sasa mpe mtu huyo chombo cha kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao daladala kwenye foleni huufikia kwa shida. Nusu saa inampeleka kilomita 7.5, na eneo la duara linakuwa kama kilomita za mraba 177. Kasi imeongezeka mara tatu, ardhi mara tisa, kwa sababu eneo la duara hufuata mraba wa nusu kipenyo chake. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao 273,000. Ya 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 5.3. Mji usingeweza kuwameza watu hao kwa miguu.

Ile saa moja ni wastani, na wastani haumfungi mtu. Wakazi wengi wa Chanika, Mbagala na Kibamba wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, na hakuna kipimo cha Zahavi kinachowapa nafuu. Wameipita saa yao kwa sababu upande wa pili wa mizani umewasukuma: aliyekosa shilingi za kodi ya karibu analipa kwa usingizi.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Gerezani na Morocco, yakipita kwenye njia zao wenyewe za kilomita zipatazo 21, dakika za mtu wa Kimara zilipungua. Je, nani aliyefaidika? Jibu la haraka ni abiria. Rudi kwenye jiji letu dogo. Dakika zikipungua Kimara, chumba cha Kimara kinakuwa kama kimesogezwa karibu na Kariakoo. Kinatafutwa zaidi, kodi inapanda, na kanuni inasema itapanda mpaka ile nafuu ya dakika imeliwa. Mwenye nyumba yake mwenyewe anabaki na faida. Mpangaji anabaki na jumla ileile aliyokuwa nayo, ila sasa sehemu kubwa ya jumla hiyo anamlipa mwenye nyumba. Hili linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu barabara imejengwa kwa fedha za wote. Tiba yake imo ndani ya kanuni yenyewe: vyumba vikijengwa vingi na upesi jirani na vituo, ushindani unahamia kwa wenye nyumba na kodi inapata breki.

Mpaka hapa tumekuwa na Kariakoo moja. Dar es Salaam halisi ina bandari, viwanda vya barabara ya Nyerere, maofisi ya Posta, masoko ya Tandika na Mwenge, kiwanda cha saruji cha Wazo. Kazi zimetawanyika. Mtu angetegemea basi kila mmoja alale karibu na kazi yake na foleni ipungue. Lakini asubuhi ukisimama barabarani unaona daladala zimejaa kuelekea kaskazini na nyingine zimejaa kuelekea kusini, watu wanapishana kana kwamba wangeweza kubadilishana kazi wakabaki makwao. Kwa nini?

Tuchore jedwali. Kila mstari ni mahali pa kulala, kila safu ni mahali pa kazi, na kwenye kila kijumba tunaandika idadi ya watu wanaotoka mstari huo kwenda safu hiyo. Tuanze na dogo kabisa. Watu wanne wanalala Mbagala, wanne Tegeta. Kazi nne ziko kwenye maghala ya Kurasini, jirani na Mbagala. Nne ziko Wazo, jirani na Tegeta. Mpango mfupi kuliko yote unajulikana: wa Mbagala wote Kurasini, wa Tegeta wote Wazo. Swali ni hili: kama nafasi za kazi zinawaangukia watu bila kujali wanalala wapi, mpango huo utatokea mara ngapi?

Tuhesabu kwa vidole. Ili wote wanane wawe karibu na kazi zao, kuna namna moja tu. Ili watatu wa Mbagala wafanye kazi Kurasini na mmoja aende Wazo, mmoja huyo anaweza kuwa yeyote kati ya wanne: namna 4. Na wa Tegeta mmoja lazima aje kujaza pengo la Kurasini, naye anaweza kuwa yeyote kati ya wanne: namna 4. Nne mara nne ni 16. Ili wawili wabaki na wawili waende, kuna namna 6 za kuchagua jozi ya Mbagala na 6 za kuchagua jozi ya Tegeta: 36. Mmoja kubaki na watatu kwenda, 16 tena. Wote kupishana, namna 1. Jumla ni 70.

Tazama namba hizo kwa utulivu. Mpango mfupi ni mmoja kati ya 70. Ule wa nusu kwa nusu, wa watu kupishana barabarani, unashika 36. Hakuna aliyefanya ujinga, hakuna mvivu wala asiyependa kwao. Mchanganyiko unashinda kwa sababu ndio wenye njia nyingi za kutokea.

Bila shaka nauli ipo, na nauli inavuta watu karibu. Tuiingize. Tuseme kila safari ndefu inapunguza uwezekano wa mpango kwa nusu. Mpango wa nusu kwa nusu una safari ndefu nne, kwa hiyo 36 inagawanywa kwa 16, inabaki 2.25. Mpango wa watatu karibu na mmoja mbali, pande zote, una safari ndefu mbili: 16 gawanya kwa 4 ni 4. Mpango mfupi hauna safari ndefu, unabaki na 1 yake. Miwili iliyosalia inakuwa midogo mno. Sasa ulio mbele ni ule wa watatu kwa mmoja, unachukua zaidi kidogo ya nusu ya uzito wote. Nauli imevuta, imevuta kweli, lakini haikuweza kumrudisha kila mtu nyumbani. Mpango mfupi bado ni kama 13 katika 100.

Mwingereza Alan Wilson aliionyesha hesabu hii mwaka 1967 kwa ukamilifu wake, akiazima njia ambayo wanafizikia hutumia kwa chembe za gesi ndani ya chupa. Huwezi kujua chembe moja itakwenda wapi, lakini kwa chembe nyingi mno hali yenye njia nyingi za kutokea inakuwa kama hakika. Mji wa mamilioni ni hivyohivyo. Hakuna anayeweza kumtabiria kijana mmoja wa Mbagala ataajiriwa wapi, ila idadi ya watakaovuka mji kesho asubuhi inakadirika, na mabasi yanaweza kupangwa kwa kadirio hilo.

Mtu atasema: basi wabadilishane. Aliyepata kazi Wazo ahame Mbagala. Lakini kuhama kuna bei yake. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka ya mwezi mmoja, na kazi yenyewe ni ya mkataba wa miezi mitatu. Tena kitanda mara nyingi kina watu wawili: mume kazi Kurasini, mke ana genge Mbagala Rangi Tatu lenye wateja aliowajenga kwa miaka. Ukimsogeza mmoja karibu na kazi, umemsogeza mwingine mbali. Na aliyejenga chumba kimoja kimoja kwa matofali ya kudunduliza habebi nyumba mgongoni kwa sababu bosi amebadilika. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu 1973, watumishi wengi walijikuta safu yao imehamishwa mamia ya kilomita huku mstari wao, yaani mwenza, shule na nyumba, umebaki Dar es Salaam.

Kwenye jedwali hilo kuna pia watu wanaosahaulika. Dada wa kazi analala ndani ya kazi yake. Umbali wake ni sifuri na hapumziki. Mlinzi anaingia mjini jioni, wenzake wakitoka. Mama lishe anayepika karibu na bandari lazima afike kabla ya wateja wake, kwa hiyo safari yake huanza kabla daladala za kwanza hazijachangamka. Ukipima mji kwa saa za ofisi peke yake, hawa hawaonekani.

Na mara nyingine mstari unasogezwa bila safu. Desemba 2011 mvua kubwa zilifurisha bonde la Msimbazi, watu wakafa na nyumba zikabomoka. Familia za bondeni zikapewa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, zaidi ya kilomita 25 kutoka Kariakoo. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na maji ya Msimbazi ni hatari ya kweli. Lakini ukitoka Jangwani, Kariakoo unakwenda kwa miguu, na wengi wa bondeni waliishi kwa vibarua vya siku: kubeba mizigo, kuuza chakula, kufua. Familia zilihamishwa mstari na safu ikabaki palepale. Kiwanja kilikuwa bure, ila upande wa pili wa mizani ulipanda kuliko kodi yoyote waliyowahi kulipa. Baadhi waliuza viwanja vile, baadhi waliviacha, wakarudi kutafuta vyumba karibu na bonde lilelile. Kutoka Mabwepande ulifika kwanza Bunju kwenye lami, ndipo ukatafuta gari la mjini, na ulipofika Kariakoo, mzigo wa kwanza wa asubuhi ulikuwa umeshabebwa na aliyelala jirani.